Binti Radi Gani?

Astoria, Queens
4 Novemba 1985

Dada Ilona,

Kaa chini kwanza. Kama umekaa, shika meza. Mimi Rocco Tedaldi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kuchovya brashi kwenye wino, na nasema hivyo nikikumbuka kwamba niliwahi kuokota mkufu wa dhahabu ufukweni Coney Island, na kwamba nilirudi kutoka vitani Korea na vidole vyangu kumi, kila kimoja mahali pake. Ijumaa nimeitwa juu. Juu kabisa, kwenye zulia linalomeza viatu. Nikavaa tai. Yule mhariri mpya, Trask, akanivutia kiti kwa mkono wake, akaniita Bwana Tedaldi, akasema: "Kitabu kinaanza upya, namba moja, na mkono tunaoutaka kwenye wino ni wako."

Basi tetesi ulizosikia ni za kweli. Mabwana wa Parapet wanafuta kila kitu kilichomo kwenye katuni zetu. Vita vyote vya Jabali na Binti Radi, harusi, mazishi, kufufuka, mazishi ya pili, yote yanahesabiwa hayakutokea. Wanasema watoto wa siku hizi wakichukua toleo katikati wanapotea kama kuku sokoni. Jabali anarudi kuwa kijana, hajaoa, hana kitambi. Ningependa na mimi wanifanyie hivyo.

Lakini Binti Radi usimwogopee. Nani atamfuta wakati wino ni wangu?

Uliniambia kwenye simu kwamba mdogo wako Piri anakataa kupasuliwa nyonga. Eti mpaka ajue kwanza Binti Radi anaishi au hapana. Mwambie anaishi. Mwambie mguu wa kwenye karatasi ninaulinda mimi, wa kwenye nyama awaachie madaktari. Na shomoro wake nitaendelea kumficha kila toleo kama siku zote, amtafute mpaka macho yamtoke.

Jina langu usilitafute ukurasa wa kwanza. Kazi yetu unaijua, mikono mitatu, ya maneno, ya penseli na ya wino, inakula sahani moja na anayetajwa ni mmoja. Wataweka jina la kijana fulani mwenye nywele za kusimama. Ndiyo mtindo, inauza.

Na barua usitume tena ofisini. Tuma hapa kwa dada yangu Concetta. Kule siku hizi watu wanafungua bahasha za wenzao.

Wako mwenye nyota,
Rocco


Toledo, Ohio
13 Novemba 1985

Rocco,

Nimekaa, meza nimeishika, na bado sijaamini. Hongera, kama ni hongera.

Huyu Trask si ndiye uliyemwita "kifaranga wa mashine" mbele ya watu kwenye sherehe ya Krismasi, mkononi umeshika mguu wa bata mzinga? Sasa anakuvutia kiti. Watu hubadilika, sikatai. Lakini sijawahi kuona mhariri anamvutia kiti mtia wino, hata huyo mtia wino awe amevunjika mgongo.

Orville, mwenye duka la katuni hapa mtaani kwetu, amesikia kwa wasambazaji kwamba Binti Radi hayumo. Hakufa, maana wangemuua tungemfufua, tumeshazoea. Hayumo tu. Hajawahi kuzaliwa. Jabali atapigana peke yake tangu mwanzo, na pale alipokuwa anasimama yeye pataonekana anga.

Nisikilize vizuri, maana najua husomi barua hadi mwisho. Nilimtunga Binti Radi mwaka 1958 na kutia sahihi I. Kertay, ili wavulana wasijue mwandishi ni mwanamke. Piri alikuwa msichana, mguu umo kwenye vyuma kwa sababu ya polio, na hapakuwa na kitabu hata kimoja dukani ambamo mtu mwenye vyuma mguuni anafanya lolote zaidi ya kuhurumiwa. Mimi niliandika vyuma. Wewe ndiye uliyevitia cheche. Tangu hapo kila mwezi mdogo wangu ananunua kitabu, anamtafuta shomoro wako, akimaliza anakifunga na kusema, "Nimeshinda tena." Hasemi ameshinda. Anasema nimeshinda.

Nimemsomea barua yako. Amekubali. Watampasua Januari.

Kwa hiyo sasa, Rocco, hiyo ahadi si ya kwangu tena, ni ya kwake, na itaingia hospitalini pamoja naye. Kama umekubali kumfuta kwa mkono ule ule uliomchora, na wamekuambia ufunge mdomo, niambie, mimi nitajua la kufanya. Usinivishe kilemba cha ukoka. Na kwa nini nisiandike ofisini? Nimeandika ofisini miaka yote hiyo na hakuna aliyefungua chochote.

Ilona


Astoria
9 Desemba 1985

Ilona, Ilona,

Wewe ungekuwa mwanamke wa kwanza peponi ungemuuliza nyoka risiti ya tunda.

Nakuandikia kuhusu neema, unanijibu kwa mashtaka. Orville anajua nini? Orville aliwahi kuniambia uso kwa uso kwamba wino unatoka baharini. Kuhusu Trask, ndiyo, nilimwita kifaranga, na vifaranga hukua, sasa ni jogoo mdogo mzuri tu. Tulikula pamoja juzi pale kwa Mgiriki. Yeye aliagiza saladi. Nikamwambia, "Kijana, kwa saladi hiyo utaongoza watu wangapi?" Akacheka mpaka akatoa machozi.

Nimekuwekea humu kitu cha kukuziba mdomo. Ni ukurasa halisi, si nakala. Ukurasa wa tisa wa namba moja. Mwone Binti Radi juu ya daraja la Queensboro, mguu wa chuma umekita kwenye nguzo, umeme unapanda hadi kwenye mawingu, na Jabali kule chini anapiga kelele asaidiwe. Nilikaa nao siku nyingi kuliko nilivyokaa na mke wangu wa pili. Shomoro sisemi yuko wapi. Piri atafute mwenyewe.

Ila ofisini usipige simu. Nakuomba. Wanasikiliza kila kitu wakati huu wa kuanza upya, na mimi kukupa ukurasa kabla haujachapwa ni kosa. Ukipiga utanichomea.

Concetta anakusalimu. Anasema njoo ule, umekonda kwenye picha.

Rocco


Toledo
22 Januari 1986

Rocco,

Piri ametoka salama. Jana amesimama akishikilia kitanda, akatukana kwa Kihungaria maneno ambayo mama yetu angemwoshea mdomo kwa sabuni. Daktari hakuelewa, akampongeza.

Ukurasa wako aliingia nao. Muuguzi akauliza, "Huyu mwenye mguu wa chuma ni nani?" Piri akajibu, "Ni mimi, hujaona tunavyofanana?" Shomoro alimpata kwenye mfuko wa koti la polisi. Ukurasa ameubandika ukutani kando ya kitanda, na kila anayekuja na sindano lazima autazame kwanza.

Haya ndiyo ya furaha. Sasa geuza karatasi.

Nikiwa nimekaa pale pembeni yake, sina la kufanya ila kutazama ukuta, niliona kitu. Karatasi ngumu za Parapet zina mistari ya buluu iliyochapwa tangu kiwandani, juu pana nafasi ya jina la kitabu na namba ya ukurasa, ile buluu isiyotokea kwenye kamera ya wachapaji. Nimeandika pembeni ya mistari hiyo nusu ya maisha yangu. Ukurasa wako hauna mstari wowote. Ni karatasi tupu ya dukani, ya kununua mtu yeyote.

Kwa hiyo huo si ukurasa wa kitabu. Ni ukurasa wa kutunyamazisha. Huko ofisini upo ukurasa mwingine wa tisa, wenye mistari, na ndani yake hatumo.

Nikapiga simu. Ndiyo, nilipiga, ulinikataza wewe, ofisi haikunikataza. Akapokea binti mwenye sauti ya kutafuna. Nikasema nataka kuongea na Rocco Tedaldi. Akasema, "Rocco gani?" Nikamtajia, mtia wino, mrefu, anaongea sana. Akasema, "Hapa hatuna Rocco, mama."

Hongera. Umewafundisha vizuri. Kumbe ukishapanda juu ya zulia hata jina lako mwenyewe unaweza kulikana kwa mdomo wa mtu mwingine. Kikulacho kweli ki nguoni mwako. Hata hivyo sikudhani nguo yenyewe ingekuwa wewe.

Piri sijamwambia neno. Namba moja inatoka Machi. Nitasubiri nione kwa macho.

Ilona


Astoria
1 Februari 1986

Ilona,

Mistari ya buluu imebadilishwa. Siku hizi wanatumia karatasi mpya. Yule binti wa simu ni mgeni, hajui hata choo kiliko.

Nimefurahi Piri amesimama. Niandikie akitembea. Usiniandikie mengine.

Rocco


Toledo
19 Machi 1986

Bwana Tedaldi,

Nilikwenda kwa Orville mapema, kabla watoto hawajatoka shule. Nilitaka nisome peke yangu, nijue namna ya kumwambia. Nilipofika, Piri yuko pale tayari. Amekuja kwa miguu yake na fimbo moja, kutoka nyumbani, kona zote zile. Amesimama mbele ya kaunta na namba moja mkononi, na Orville anajifanya anapanga soda.

Daraja lipo. Jabali yupo, kijana, ana meno mengi. Juu ya nguzo hakuna mtu. Umechora anga. Anga safi kabisa, wala wingu.

Shomoro pia hayupo. Tumetafuta sote watatu, Orville kwa kioo cha kukuzia. Hilo sikulitegemea. Kumfuta Binti Radi uliamriwa, sawa, mtu ana tumbo. Lakini shomoro hakuna mhariri aliyewahi kujua kama yupo. Shomoro umemtoa mwenyewe.

Na kuna la nyuma. Ukurasa wa barua. Kumbe Piri aliwaandikia akiwa bado kitandani, bila kuniambia. Unajua alivyo, huo ukurasa ndio kanisa lake. Aliuliza kwa adabu: katika mwanzo huu mpya, Binti Radi ataingia lini? Wamemchapa, na chini yake Trask amejibu:

"Binti Radi gani? Hapa Parapet hatujawahi kuwa na mtu wa jina hilo. Labda uliota. Ila ni ndoto nzuri, kwa hiyo tunakutumia kifungo cha bati."

Hicho ndicho kifungo cha kubandika kifuani wanachompa msomaji anayetafuta maelezo ya kosa la kitabuni, mpaka kosa lionekane si kosa. Piri anavyo kopo zima, amevipata kwa jasho. Hiki kimefika leo asubuhi. Hakukitia koponi. Alikiweka mezani, akakitazama, akasema, "Basi nimeota." Akaenda kulala na viatu.

Binti Radi ni mali yao, nilisaini mwenyewe nikiwa na njaa, hilo sina wa kumlaumu. Wewe ulikuwa rafiki, hukusaini popote. Ndiyo maana hakuna mahakama ya kukupeleka.

Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye kaunta ya Orville. Usiandike tena.

Ilona Kertay


Toledo
21 Machi 1986

Kaka Rocco,

Ilona hajui kama nakuandikia. Yuko jikoni anakatakata kabichi kana kwamba ni wewe.

Mimi kwenye vitabu si mwandishi wala mchoraji. Kazi yangu ni moja tu, kueleza makosa. Jabali alivunjika mkono wa kulia toleo la Mei, toleo la Juni anapiga ngumi kwa mkono huo huo, na mimi ndiye niliyewaandikia kwamba ile ya Juni ilitokea kabla ya Mei. Wakachapa, wakanipa kifungo. Sharti ni hili: usiseme mchoraji alikosea. Tafuta namna ambayo kila kilichochorwa ni kweli.

Haya. Rocco anasema anachora kitabu. Kitabuni shomoro hayumo. Karatasi haina mistari (niliiona siku ile ile, Ilona anadhani ana macho peke yake). Ofisini, Ilona amekiri jana, wanasema hawana Rocco. Barua zinakwenda kwa Concetta. Na mtu aliyechora nywele za Jabali kwenye namba moja anachora nywele kama makaroni yaliyoiva kupita kiasi, ambayo wewe hata ulewe huwezi.

Maelezo ya Ilona ni kwamba Rocco ametusaliti. Hayo hayatoshi kifungo, kwa sababu hayaelezi makaroni.

Maelezo yangu ni kwamba yule binti wa simu alisema kweli.

Nikipatia nitumie kifungo. Nisipopatia pia andika. Uko wapi? Unakula?

Piri

Jana nimetembea hadi kwa Orville na kurudi bila fimbo. Nilikuwa nimekasirika, nikaisahau.


Astoria
Jumapili ya Pasaka, 30 Machi 1986

Piri, na Ilona pia, kwa sababu najua unasoma juu ya bega lake na kisu cha kabichi mkononi,

Umepatia. Kifungo kimo humu. Nimekikata kwenye kifuniko cha kopo la nyanya za Concetta na shomoro nimemchora kwa rangi yake ya kucha, ndiyo maana ni mwekundu. Angalia ukingo, unakata.

Siku ile niliitwa juu kweli. Tai nilivaa kweli. Nilipanda na lifti nikipiga mluzi, nikijua wananipa namba moja, maana nani mwingine? Trask hakuvuta kiti. Hakukuwa na kiti.

Akasema, "Rocco, unafahamu tunaanza upya."

Nikasema, "Nafahamu, kijana, huoni tai?"

"Mkono wako ni wa zamani."

"Wino wote ni mweusi, wa zamani na wa mwaka huu."

"Ndiyo hivyo," akasema, na akatazama mlango, na mlangoni amesimama askari wa jengo, Delroy, tunakunywa naye kahawa kila siku, amebeba sanduku lenye brashi zangu. Tukashuka wote. Delroy akasema, "Angalau sanduku si zito." Nikamwambia, "Ni kwa sababu kipaji nimekibeba mwenyewe." Alicheka kwa heshima tu.

Nilipofika nyumbani, kabla sijavua koti, wewe Ilona ukapiga simu, kwamba Piri hataki kupasuliwa mpaka ajue Binti Radi anaishi. Ulikuwa unalia, ingawa ulisema ni mafua. Ungetaka niseme nini? Kwamba Binti Radi ametolewa na mimi nimetolewa naye, siku moja, mlango mmoja? Nikakuambia nitaulizia. Kisha nikakaa siku mbili nikaandika ile barua. Ilinijia vizuri sana. Nilipoisoma nikaona wivu kwa huyo Rocco.

Saladi ya kwa Mgiriki hakuna. Kicheko cha Trask hakuna, sidhani kama ana meno. Ule ukurasa wa tisa ndio wa kweli, kwa maana kwamba niliuchora nikiwa sina haja ya kuogopa mtu, na sijawahi kuchora vizuri hivyo tangu tuanze. Karatasi niliinunua dukani. Nilifikiria kuchora mistari ya buluu kwa mkono, nikasema Ilona hatatazama. Ona sasa. Mwanamke wa risiti.

Swali la Piri. Niko Astoria, nachora bei kwenye vioo vya maduka. Dagaa kwenye kioo cha Sabatino, muuza samaki, ni wangu, wamepindisha mikia kwa hasira, watu wanasimama kutazama. Kwenye kila kioo yupo shomoro. Kinyozi ameshamgundua wake, sasa anamtafuta wa muuza samaki, na muuza samaki hataki kumwonyesha. Ndiyo, nakula. Concetta ananilisha kama anataka kuniuza.

Ilona, uliniita Bwana Tedaldi. Iliniuma kuliko lifti. Lakini ulivyonishuku vile, nilikuwa nafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Kwa miezi ile ulikuwa mtu pekee duniani uliyeamini nina uwezo wa kumfuta mtu.

Humu kuna ukurasa mwingine. Binti Radi anashuka kutoka kwenye nguzo ya daraja, na chini pamekaa watu wenye suti wanamuuliza, "Wewe ni nani?" Vipovu vyake vya maneno nimeviacha vitupu. Mimi sijui kuandika maneno, shule niliiacha tukiwa bado kwenye mito na milima. Vijaze wewe Ilona, unirudishie, nitie wino. Hatutamuuzia mtu. Orville abandike dirishani kwake akitaka. Wakija kutuambia ni mali yao, tutawauliza: Binti Radi gani?

Sasa lile la bahati. Hakuna aliyenichagua, sikuwa na nyota siku ile wala siku iliyofuata. Na ule mkufu wa Coney Island sikuuokota, niliununua, na ulikuwa wa shaba. Vidole kumi ninavyo. Mengine yote ya barua ile niliyatunga.

Rocco